Yearling, Kestrel au Mockingbird: angalia nani anamuua mnyama, ndio uchague

Desemba iliyopita nyumba ilijaa watoto, wangu wawili na wapwa wanne, mdogo kabisa miaka 12 na mkubwa 17, na mimi nina ule ugonjwa wangu wa kuwasomesha watu riwaya wakati wa likizo. Safari hii nilitaka kitu kimoja tu, riwaya ya mtoto anayekua, ndani yake kuwe na mnyama. Hela ilikuwa inatosha nakala sita za kitabu kimoja, basi, hamna cha ziada, kwa hiyo nilikaa karibu wiki mbili usiku usiku nasoma vitatu upya nione kipi kinafaa. Nawaandikia nilichokiona maana najua wengi mnakuwaga na swali hili hili afu mnaishia kununua chenye jina kubwa.

Vyenyewe ni The Yearling ya Marjorie Kinnan Rawlings, 1938. To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, 1960. A Kestrel for a Knave ya Barry Hines, 1968. Viwili vya kwanza ni vya Marekani na vyote vilipata tuzo ya Pulitzer, cha tatu ni cha Uingereza, kijijini kwa wachimba makaa ya mawe. Kote mnyama yupo mpaka kwenye jina la kitabu, kote kuna mtoto anayeingia ukurasa wa kwanza ni mtoto na anatoka si mtoto tena.

Kabla sijaendelea, kitu kimoja kuhusu sisi. Tumelelewa na sungura mjanja, fisi mlafi, kobe anayeenda polepole na akili zake. Wale ni watu waliovaa ngozi ya mnyama. Hata Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Kawegere ya 1967, wale nguruwe ni wanasiasa watupu. Kwa hiyo mwanafunzi wetu akikutana na mnyama kwenye riwaya swali la kwanza analouliza ni "huyu anawakilisha nini", anaandika kwenye daftari ndege ni sawasawa na usafi wa moyo, anapiga mstari chini, amemaliza. Kwenye hivi vitatu hiyo njia itakupoteza. Paa wa Yearling ni paa, anakula mahindi. Kipanga wa Kestrel ni kipanga, anataka nyama. Hawana ujanja wala ulafi, maana yote wamebebeshwa na mtoto anayewapenda. Mimi swali lililonisaidia ni lingine kabisa: nani anamuua, na kwa sababu gani? Majibu matatu ni tofauti kabisa, na kwangu uchaguzi ulianzia hapo.

Naanza na Yearling kwa sababu ndicho kilichoniumiza zaidi.

Jody Baxter ni mtoto aliyebaki, wazazi wake walishazika watoto wengi kabla yake. Wanaishi msituni Florida miaka ya 1870 hivi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeisha juzi tu, majirani wako mbali, na chakula chote kinatoka kwenye shamba la mahindi, nguruwe wachache na bunduki ya baba. Baba mtu anaitwa Penny, jina la utani, yaani senti, kwa jinsi alivyo mdogo wa umbo. Siku moja wakiwa wanatafuta nguruwe waliopotea Penny anagongwa na nyoka, yule mwenye njuga mkiani. Pale pale anamwona paa jike, anamlenga, anamwangusha, anampasua anatoa ini analibandika kwenye jeraha linyonye sumu. Msijaribu, nendeni hospitali. Ila kwenye kitabu anapona. Na Jody, kabla hajakimbilia majirani kuomba msaada, anakiona kitoto cha yule paa kimesimama, miguu inayumba.

Sasa sikiliza hoja ya huyu mtoto. Baba yuko kitandani, mguu umevimba, na Jody anawaambia wakubwa, tulimuua mama yake ili baba apone, tunamwachaje mtoto afe njaa? Nani atabisha hapo. Anaruhusiwa, anarudi msituni anakitafuta, anakibeba. Nyumbani anachovya vidole kwenye maziwa anakiwekea mdomoni kinyonye, halafu anashusha mkono taratibu mpaka pua inaingia kwenye maziwa. Aliyewahi kumfundisha ndama kunywa kwenye ndoo anaijua hiyo, ule ulimi mkavu unaovuta vidole kama unataka kuving'oa. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakaa tu, nilirudi kwa babu kabisa.

Jina la paa ni Flag, bendera, kwa ule mkia mweupe anaouinua akikimbia. Aliyempa jina ni rafiki pekee wa Jody, mtoto wa jirani mwenye ulemavu anayefuga kila kiumbe anachokiokota, na Jody analipata hilo jina siku ambayo ameenda kumwonyesha rafiki yake paa na kukuta rafiki ameshafariki. Watu wa nyumbani ndio wanamwambia, alisema yule paa angemwita Flag. Mwandishi hasemi chochote zaidi, anaendelea na msiba. Lakini kuanzia hapo kila Jody anapomwita yule paa, anatumia neno la marehemu.

Afu paa anakua. Hapa ndipo jina la kitabu linapokaa, yearling kwa Kiingereza ni mnyama aliyemaliza mwaka wa kwanza na hajafika wa pili, sio mtoto sio mkubwa, na sijapata neno letu moja linalobeba hiyo, mtamba ni wa kike na ni wa ng'ombe. Flag anakanyaga miche ya tumbaku. Anakula mahindi machanga yakichomoza. Penny yuko kitandani, amejiumiza vibaya akivuta kisiki, kwa hiyo Jody peke yake anapanda upya, anainua uzio, anakata miti anabeba, ule utu uzima wa kazi unamwingia mikononi kabla haujamwingia kichwani. Uzio unapanda juu. Paa anauruka. Mahindi yanaliwa tena.

Na yale mahindi ndio unga wa mwaka. Mtu wa Dodoma au Kitui hahitaji maelezo hapo.

Baba anatoa amri, mpeleke msituni umpige risasi. Yule yule baba ambaye uhai wake ulinunuliwa na mama wa huyo paa. Jody anashindwa, anazunguka naye siku nzima. Mama ndiye anachukua bunduki, na mama si mpigaji, anamjeruhi tu, mnyama anakimbia anaburuza miguu. Kwa hiyo anayemalizia ni Jody mwenyewe. Anamwambia baba yake maneno mabaya kabisa, anamwombea kufa, anatoroka kwenda mtoni na mtumbwi, anakaa huko mpaka njaa inamwangusha na mashua ya barua inamwokota. Ile njaa ni muhimu kuliko kilio chochote kwenye kitabu. Kabla ya hapo neno "tutakufa njaa" lilikuwa la wazazi, kelele za wakubwa. Anarudi nyumbani analijua lina maana gani tumboni.

Hamna mbaya kwenye hiki kitabu, na ndio maana kinauma. Baba ana haki, mama ana haki, mtoto ana haki, paa ana njaa tu kama paa. Huwezi kumchukia mtu ukapumua.

Kasoro zake zipo tena kubwa. Ni kirefu, kurasa zinakaribia mia nne au zaidi kutegemea chapa, na katikati kuna uwindaji wa dubu mmoja anaitwa Slewfoot utadhani hautaisha. Watu wanaongea lahaja ya wazungu maskini wa Florida, mwanafunzi aliyezoea Kiingereza cha darasani atakwama kwenye maongezi mpaka asome kwa sauti. Na mama Baxter mwanzoni anachorwa kama mama wa kufoka tu, inabidi msomaji mwenyewe ahesabu makaburi ndio amwelewe.

Kestrel sasa. Fupi, haina sura, inapita kama siku moja, na kwa kiasi kikubwa kweli ni siku moja tu, kuanzia alfajiri Billy Casper anapotoka kwenye kitanda anachogombania na kaka yake mpaka usiku anaporudi kulala, na katikati kumbukumbu zinamrudisha nyuma jinsi alivyompata ndege. Ana miaka 15, anamaliza shule, baba alishaondoka, mama ana mambo yake, kaka yake Jud anafanya kazi mgodini na anamtesa. Walimu wengi wamemkatia tamaa. Kuna mwalimu wa michezo pale, anacheza mpira na watoto kama yuko fainali ya kombe, utacheka mpaka uone anachomfanyia Billy bafuni na maji ya baridi, hapo kicheko kinaisha. Hines mwenyewe aliwahi kuwa mwalimu wa michezo, alijua anaandika nini.

Hapa lazima niseme kitu ambacho mwandishi asingeweza kukijua. Kestrel ni kipanga. Na shuleni kwetu Bongo kipanga ni nani? Ni yule anayeongoza darasa, kichwa, anayejua majibu yote. Kwa hiyo kwa Kiswahili unapata kitu ambacho Kiingereza hakina: mtoto anayeitwa mbumbumbu na shule nzima, kitu pekee anachokijua kuliko walimu wote ni kipanga. Watoto walichekea hiyo siku nzima.

Jina la kitabu linatoka kwenye orodha ya zamani ya Kiingereza inayopanga nani anastahili kufuga ndege gani wa kuwindia: tai ni wa kaizari, kozi ni wa mwana wa mfalme, inashuka hivyo hivyo daraja kwa daraja mpaka chini kabisa, kipanga wa kijana mtumishi. Yaani hata ndege walipangwa kwa tabaka. Ndugu zetu walioko Ghuba, Muscat, Dubai huko, wanaoona watu wanavyowabeba kozi mkononi na bei zake, hii wataielewa haraka kuliko sisi. Billy hana hela wala uwanja. Anataka kuazima kitabu cha kufundishia ndege, maktaba wanamwambia mzazi aweke sahihi, basi anaenda dukani anaiba.

Na ndio, Billy ni mwizi. Anaiba kitabu, anaiba chokoleti, anaiba kwenye gari la maziwa asubuhi. Hapo ndipo nilipoipenda hii riwaya kuliko nilivyokumbuka, maana tumezoea kuona usafi wa mtoto ni adabu, shikamoo kwa wingi na sare safi. Usafi wa Billy uko sehemu moja tu, kwenye jinsi anavyomtazama yule ndege. Anasema mwenyewe kwamba huyu si mnyama wa kufugwa kama sungura, ni mkali, hamjali mtu, hata mimi hanijali. Anampenda kitu kisichomhitaji! Jody anampenda paa kama mdogo wake, analala naye. Billy anamheshimu kipanga kama mkubwa wake.

Mpwa wangu wa miaka 14 anafuga njiwa, banda lake liko juu ya choo cha nje kwao, mabati chakavu na mbao za maboksi ya matunda. Huyu kusoma kwake ni adhabu. Nilimpa kile kipande cha darasani peke yake, mwalimu mmoja mwenye moyo anamwambia Billy asimame awaeleze wenzake kitu chochote cha kweli, na Billy, ambaye huwa hasemi, anaanza kueleza jinsi anavyomfunga ndege kamba za ngozi miguuni, jinsi ya kumwita kwa nyama, siku ya kwanza alipomwachia bila kamba akangoja kama atarudi. Darasa zima kimya. Kijana alimaliza akaniangalia, "Mjomba, huyu anajua." Basi. Akaondoka nacho.

Siku ya tatu alirudi amenuna. Alikuwa amefika kwenye pipa la taka.

Kaka mtu alimwachia Billy hela akamwekee dau la farasi wawili. Billy akaulizia, akaambiwa wale farasi hawana chochote, akala hela, chipsi na samaki. Farasi wakashinda wote wawili. Jud akatafuta wa kumlipiza, akamuua ndege, akamtupa kwenye pipa la taka nje. Billy anamtoa, anaenda naye kwa mama yake, na mama anasema ni ndege tu, si utapata mwingine. Kama una mtoto aliyewahi kufiwa na mnyama, hilo sentensi analijua, na inawezekana kabisa alilisikia kwako.

Mpwa wangu hakulia, alikuja na kesi. "Lakini Mjomba ile hela haikuwa yake." Nikamwambia ndio haikuwa yake. "Sasa si Jud angempiga yeye? Ndege amekosa nini?" Tulibishana hapo nusu saa mlangoni. Kwa mtoto asiyependa kusoma, hiyo ni miujiza.

Kwa hiyo linganisha. Kwa Jody anaua mwenyewe kwa sababu ya njaa, na nyumba inabaki, baba anampokea, anamwambia sasa wewe si yearling tena. Kwa Billy anaua ndugu kwa sababu ya hela na hasira, na hamna wa kumpokea. Anakimbia usiku mpaka kwenye jengo la sinema lililofungwa, anamkumbuka baba yake, anarudi, anamzika ndege, analala. Hakuna aliyempa neno. Yearling mtoto anapoteza utoto anapewa nafasi mezani kwa wakubwa. Kestrel anapoteza kile kimoja alichokuwa nacho na kesho yake mgodi unamsubiri, labda.

Mockingbird nitaenda haraka, nyie mnaijua, wengine mliisoma shule.

Hapo ndege hauawi. Nilisahau hiyo, unajua? Jina la kitabu ni kumuua ndege mwigaji na kitabu kizima hamna ndege mwigaji anayekufa. Ni msemo tu. Watoto wanapewa bunduki za upepo, baba yao Atticus, wakili, anawaambia pigeni ndege wengine ila huyu ni dhambi, jirani yao anafafanua kwamba hali bustani za watu, hajengi kwenye ghala za mahindi, kazi yake kuimba. Baadaye Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa kubaka, anahukumiwa na wazungu watupu, anapigwa risasi 17 akijaribu kutoroka jela, na mhariri wa gazeti la mji anaandika kuwa ni kama kuwaua ndege waimbao bure bure. Mwishoni Scout, binti wa Atticus anayesimulia kitabu, anarudia kuhusu Boo, yule jirani aliyejificha ndani miaka yote, kwamba kumtangaza itakuwa kama kumpiga risasi ndege mwigaji. Mara tatu umeelezwa! Kwa mwalimu ni raha, kwa mtihani ni raha, kwangu mimi kama msomaji ni ishara iliyotafunwa tayari.

Tena nina neno juu ya hiyo ishara. Tom ni mtu mzima, ana mke, ana watoto, ana mkono wa kushoto ulioharibika kwenye mashine ya pamba, anafanya kazi. Kumfananisha na kandege kasikodhuru mtu kanakoimba tu, kuna kitu kinapungua hapo. Anauawa kwa sababu ya rangi yake na sheria ya Alabama ya miaka ya 1930, na kitabu kinatuomba tumhurumie kwa sababu hana madhara. Kwani angekuwa na hasira angestahili? Binti yangu mkubwa ndiye aliyeuliza hivyo, mimi nimekiri tu.

Mnyama anayekufa kweli ni mbwa mwenye kichaa. Anakuja barabarani anapepesuka, mtaa mzima umefunga milango, mpishi Calpurnia anapiga simu majirani waonywe, na Atticus, baba mwenye miwani ambaye watoto wanamwona mzee wa makaratasi, anamwangusha kwa risasi moja. Hiyo sura ni tamu na watoto wetu wanaielewa bila mwalimu, nani hajawahi kukimbizwa ndani kwa kelele za mbwa kichaa. Wanagundua baba ana kitu alichokuwa anakificha. Na kuna kitu kidogo sana baadaye, baada ya kesi, Scout anataka kukiponda kadudu kanakojikunja duara ukikagusa na kaka yake Jem anamzuia, kamekukosea nini. Hapo hamna anayefafanua kitu, na mimi nakapa kale kadudu alama nyingi kuliko ndege wote. Jem ndiye aliyepoteza utoto kwenye hicho kitabu, mahakamani, akihesabu kura za "ana hatia". Scout bado ni mdogo, anaanza hata miaka sita hajatimiza.

Halafu kitu cha kuchekesha, muigizaji Gregory Peck alicheza baba wote wawili, Penny kwenye filamu ya Yearling ya 1946 na Atticus kwenye ya 1962, na huyo Atticus ndiye alimpa Oscar. Mababa wawili wenye bunduki. Mmoja anampiga mbwa risasi ili mtoto asiguswe na kitu, mwingine anamwambia mtoto shika bunduki uende mwenyewe. Mimi kama mzazi napenda kujiona wa kwanza na bei ya unga inanifanya wa pili. Kestrel nayo ina filamu, Kes, ya Ken Loach, 1969, iangalieni baada ya kusoma sio kabla.

Lugha: Mockingbird ina Kiingereza safi ila kigumu, anayesimulia ni Scout mkubwa anayekumbuka, maneno mazito na kejeli nyingi ambazo mtoto wa kidato cha pili zitampita juu. Kestrel maelezo ni mepesi, sentensi fupi, ila wakiongea wanaongea kile Kiingereza cha Yorkshire, na matusi yapo. Yearling nimeshasema. Mambo mazito: Mockingbird ina kesi ya ubakaji na matusi ya rangi, usimpe mtoto akasome peke yake chumbani, kaa naye. Kestrel ina ulevi, kipigo nyumbani na kiboko shuleni, kuna katoto kametumwa tu na ujumbe kwa mkuu wa shule kanaishia kuchapwa pamoja na wavuta sigara, nani hajaona hiyo. Yearling ina damu ya wanyama kila baada ya kurasa chache, mtoto anayezimia akiona kuku anachinjwa atapata tabu.

Kuna mtu ataniuliza mbona sijaweka Lord of the Flies ya 1954. Ile ina nguruwe na ina watoto wanaoharibika, tena vizuri sana, mmoja wao Jack mara ya kwanza anashindwa kumchoma kitoto cha nguruwe na baadaye wanaimba wakiua. Lakini hamna anayempenda yule nguruwe. Nilikuwa natafuta mapenzi kwanza. Na ile The Catcher in the Rye na bata wake wa Central Park, yule kijana anawauliza madereva teksi bata wanaenda wapi ziwa likiganda, naipenda ila wanangu wa Tanga ziwa kuganda wanaona ni hadithi za jini.

Sasa chagua. Mtoto ni wa kiume au wa kike hachukui vitabu, anapenda kitu kimoja tu, njiwa, mpira, kurekebisha redio, walimu hawamwoni: Kestrel, bila kufikiria. Anamaliza kidato cha nne, anapenda kubishana, anataka sheria au siasa, na wewe una muda wa kukaa naye: Mockingbird, na mwache akosoe, usimlindie Atticus. Nyumba ina shamba, mbuzi, ng'ombe, au watoto waliowahi kupewa kifaranga wakakipa jina halafu wageni wakaja: Yearling. Kama darasa linasoma kwa ajili ya mtihani na muda ni mchache basi Mockingbird, ishara zote zimepangwa mezani.

Mimi nilinunua Yearling, nakala sita, za mitumba, moja haikuwa na jalada. Ile Kestrel niliyokuwa nayo ilibaki kwa mpwa na mpaka leo sijaiona. Tulisoma kwa sauti baada ya chakula cha usiku, kila mtu kurasa zake, dubu tulimruka mara mbili na hakuna aliyelalamika. Jina la paa lilitupa kazi, maana yule wa Amerika si paa wetu wala digidigi, mke wangu akasema kwenye Biblia wanamwita ayala, Zaburi ya 42, tukamwita ayala siku moja watoto wakakataa, wakarudi kwenye paa.

Usiku wa bunduki aliyesoma ni yule wa miaka 12, aliomba mwenyewe. Alifika mama anapochukua bunduki akanyamaza, akampa kitabu dada yake. Dada mtu akasoma mpaka mwisho sauti haitetereki, akafunga, akasema mama Baxter alichelewa, yeye angempiga tangu yale mahindi ya kwanza, mngekula nini? Mdogo hakuongea naye mpaka chai ya kesho yake asubuhi.